Kidato cha Tatu wanahesabu mizani vizuri, dhamira na taswira hawazioni. Mnafundishaje?

Mwl_Kiboriloni (Moshi)

Habari za jioni walimu.

Naomba msaada kwenye uhakiki wa ushairi, Kidato cha Tatu. Ukiwapa shairi, dakika kumi hazijaisha wameshaleta idadi ya beti, mishororo, mizani (silabi za mshororo) kumi na sita, vina (sauti zinazofanana) vya kati na vya mwisho, na tashihisi (kitu kupewa tabia za mtu) moja wameipigia mstari. Ukiuliza dhamira unapewa neno moja: "Ubinafsi." Ukimwambia mwanafunzi afafanue, anasimulia shairi upya kwa nathari, kisha anafunga na "hii inatufundisha tusiwe wabinafsi." Kwenye taswira ndiyo kabisa. Anaandika "mshairi ametumia taswira ya mwamba", anaweka nukta, anahamia swali linalofuata. Huo mwamba unafanya kazi gani humo ndani, hakuna anayejua.

Mazingira ni yale yale mnayoyajua: vipindi viwili mfululizo, dakika 80, darasa la watu sitini, nakala za diwani (vitabu vya mashairi) chache, na miongozo ya mtaani imejaa majibu ya kukariri. Kwa sababu hiyo ya miongozo, nimeweka hapa shairi lililotungwa kwa zoezi tu, halimo kwenye diwani yoyote, hivyo hakuna pa kudesa. Naomba mjibu kwa kutumia hilo hilo ili tusiongelee hewani.

*Mfereji mlimani, wahenga waliuchimba,*
*Maji yashuke bondeni, yanyweshe kila mgomba,*
*Leo pale mlangoni, mmoja kaweka mwamba,*
*Wa chini tunatazama, midomo yetu mikavu.*

*Shambani kwake kijani, hata magugu yanona,*
*Kwetu vumbi mtaroni, migomba yaombeana,*
*Tukimwita: "Subirini, zamu yenu yaja jana,"*
*Wa chini tunatazama, midomo yetu mikavu.*

*Maji hayana utani, yakizibwa huchimbua,*
*Hutafuta njia chini, na mwamba huupasua,*
*Wa juu kaa makini, mawingu yanapumua,*
*Wa chini tunatazama, na midomo si mikavu.*

---

Ukwapi_na_Utao (Arusha)

Mwalimu, shida inaanzia kwenye mpangilio wa somo. Tumezoea kuanza na fani halafu maudhui. Mtoto akianza kwa kuhesabu, akimaliza kuhesabu anaamini kazi imekwisha. Geuza: kuhesabu kuje mwishoni, tena kwa sababu maalumu.

Anza kwa sauti. Soma mwenyewe mara mbili, madaftari yakiwa yamefungwa. Pumzika kidogo kwenye mkato, mahali ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) unapoishia na utao (nusu ya pili) kuanza, na pumzika zaidi mwisho wa mshororo. Usomaji wa kukimbia unaua shairi kabla ya uhakiki. Mara ya tatu darasa liitikie kibwagizo (mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti). Dakika tano zinatosha, na utashangaa kwamba tayari kuna wawili watatu wamegundua kuna kitu kimebadilika ubeti wa mwisho. Wanyamazishe kwanza.

Kisha kaa kwenye maana ya juu juu. Hapa ndipo wengi tunaruka. Nani anazungumza? Yuko wapi? Nini kimetokea? Kwa wanafunzi wa Moshi vijijini mfereji ni kitu cha nyumbani. Wa Arusha mjini anaweza kufikiria mtaro wa maji machafu pembeni ya barabara. Chora ubaoni: mlima juu, kijito, banio (mlango wa mfereji), mfereji unaoteremka, shamba la wa juu, vihamba (mashamba ya nyumbani) vya wa chini. Waeleze kwamba mifereji ya asili kwenye miteremko ya Kilimanjaro ilichimbwa kwa nguvu za pamoja na maji yake hugawanywa kwa zamu. Bila neno "zamu" ubeti wa pili haufunguki. Mtoto asiyeuona mfereji ataruka moja kwa moja kusema "wa juu ni Mungu" au "wa juu ni serikali", na hapo umeshampoteza, maana ameacha shairi na kuanza kubahatisha. Toa dakika kumi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiamini kuliko zote: vitenzi. Waambie wapigie mstari vitenzi peke yake, kisha wavipange kwa mtendaji. Watu watano kwa kikundi, safu tatu: wa juu, wa chini, maji. Watapata kitu cha namna hii. Wa juu: kaweka. Wa chini: tunatazama, tukimwita, tunatazama, tunatazama. Maji ubeti wa kwanza: yashuke, yanyweshe. Maji ubeti wa tatu: yakizibwa, huchimbua, hutafuta, huupasua. Sasa uliza: wa chini wanafanya nini katika shairi zima? Wanatazama na kuita, basi. Nani mwenye vitenzi vya nguvu? Maji. Halafu wapeleke kwenye sarufi ambayo tayari wameisoma: ubeti wa kwanza maji yana vitenzi vinavyoishia na -e, yaani ni kile wahenga walichokitaka, ubeti wa tatu yana *hu-*, yaani ndivyo ilivyo siku zote. Shairi limetoka kwenye tumaini likaenda kwenye kanuni. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu analiona hili mwenyewe bila kutafuniwa, na ni ushahidi hasa, si maneno ya mwongozo. Kazi hii inakula dakika 15, ikizidi 20.

Baada ya hapo ndipo taswira. Usiulize "hii ni tamathali gani?" Uliza hivi, kwa mfuatano: Naona au nahisi nini? Kitu hiki katika maisha ya kawaida kina tabia gani? Humu kimefanywa nini kisicho cha kawaida? Chukua *mwamba*. Tunaona jiwe kubwa mlangoni pa mfereji. Tabia yake ni uzito, ugumu, kutosogea wenyewe. Lakini humu "mmoja *kaweka*", kumbe haukuporomoka kutoka mlimani, uliletwa. Tayari mtoto amepata kwamba kizuizi ni cha kutengenezwa na mtu, si bahati mbaya. Kisha fanya jaribio la kubadilisha: ondoa "mwamba", weka "jani" au "udongo". Nini kinapotea? Jani lingesombwa, kusingekuwa na mgogoro. Udongo ungeyeyuka kimya kimya, na "huupasua" ya ubeti wa tatu isingekuwa na maana. Hapo anaelewa kwa nini mshairi alichagua kile na si kingine. Jaribio hili linafaa kwa taswira yoyote, kwa hiyo wafundishe walifanye wenyewe kwenye mtihani, kichwani.

Fanya hivyo kwa taswira mbili tu katika somo moja. Ukitaka zote, utaishia kwenye orodha tena. Ya pili ningechukua *midomo mikavu*, kwa sababu inabeba vitu viwili kwa pamoja: kiu, na kimya. Mdomo mkavu hauna maji na pia hausemi. Waache wagombane ni kipi kati ya hivyo viwili.

Ugomvi huo unakufikisha kwenye kibwagizo cha mwisho, "na midomo si mikavu". Sasa wale uliowanyamazisha mwanzoni waongee. Kwa nini si mikavu? Watakaosema mvua imekuja wana "mawingu yanapumua". Watakaosema watu wameanza kusema wana "Wa juu kaa makini", maana hilo ni onyo na mtu aliyenyamaza haonyi. Usitoe hukumu. Andika zote mbili ubaoni na ushahidi wake pembeni.

Dhamira inakuja sasa, si kabla. Weka sharti: neno moja ni mada, dhamira ni sentensi nzima yenye kitenzi. Wape mwanzo, "Mshairi anaonesha kwamba…", waendeleze. Halafu kila sentensi ipite vipimo hivi: inafaa beti zote tatu? Imesimama bila kutaja mfereji na migomba? Kuna mtu mwenye akili zake anaweza kuikataa? "Ubinafsi" si sentensi. "Ubinafsi ni mbaya" ni sentensi, lakini hakuna atakayeikataa, na unaweza kuibandika kwenye mashairi mia. "Anayezuia mali ya wote kwa faida yake anaitengeneza mwenyewe nguvu itakayomwondoa" inafaa mpaka ubeti wa tatu, na inaweza kubishiwa: wapo wazibaji wengi ambao hawajaondolewa na yeyote. Hiyo ndiyo dhamira.

Muda: kusoma 5, maana ya juu 10, vitenzi 20, taswira 20, kibwagizo 10, dhamira 15. Jumla 80. Daftari za mahudhurio ziitwe siku nyingine.

---

Madam_Ngarenaro (Arusha)

Nakubaliana na hapo juu, ila niongeze upande wa taswira, kwani ndiyo inayosumbua zaidi madarasa yenye watoto wengi waliotoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza. Hao hawakosi akili ya kuchambua, wanakosa msamiati. "Yanona" hawajui, "mtaroni" wanadhani ni mtaani. Wape maneno kabla ya shairi, yasizidi sita, na maana fupi. Kwa shairi hili ningetoa wahenga, yanona, mtaro, mgomba (watakuambia ni ndizi), huchimbua. Usieleze "yaja jana". Hilo liache liwakwaze.

Watakuja mbio kukuambia "Madam, hapa mshairi amekosea, ingekuwa yaja kesho." Ndipo uulize: ingekuwa kesho, wa juu angekuwa mtu wa namna gani? Mtu anayeahidi. Sasa kwa kuwa ni jana, ni mtu wa namna gani? Anawadhihaki, zamu yao imeshapita na anaendelea kuwaambia wasubiri. Mahali lugha inapovunja kanuni yake ndipo penye nondo, na watoto wakishajua hivyo wataanza kupatafuta wenyewe.

Halafu kuna mkanganyiko wa maneno matatu ambao tunausababisha sisi walimu: tamathali, taswira, ishara. Kwenye madaftari vyote vimeandikwa chini ya "matumizi ya lugha", basi mtoto anavichukulia ni kitu kimoja. Tamathali ni kifaa cha lugha, kama sitiari, tashbihi au tashihisi. Taswira ni picha inayobaki kichwani baada ya kifaa kutumika, na inaweza kubaki hata bila tamathali yoyote: "kwetu vumbi mtaroni" hakuna sitiari wala tashbihi hapo, ni maneno ya kawaida kabisa, lakini picha ipo na inauma. Mwanafunzi anayewinda tamathali tu ataupita mshororo huo. "Migomba yaombeana" ni tashihisi, sawa, lakini ukiishia hapo hujasema kitu. Taswira yake ni migomba iliyonyauka, majani yameinama yakaegemeana kama watu walio katika sala, kila mmoja akimwombea mwenzake. Kisha linganisha na wa juu: yupo peke yake, "mmoja". Chini hata mimea inaombeana. Unaona jinsi taswira ilivyofika kwenye dhamira bila kulazimishwa?

Ishara ifundishe kwa vitu vya hapa hapa. Waulize watoto wa Kichaga jani la sale ni la nini, watakujibu kuomba msamaha, na litapandwa pia mpakani. Waulize watoto wa Kimaasai nyasi zilizoshikwa mkononi, watakuambia amani. Hiyo ni ishara: jamii imekubaliana maana yake kabla mshairi hajazaliwa. Mwamba katika shairi hili haukuwa na makubaliano hayo. Umepata uzito wake humu ndani, kwa sababu umewekwa ubeti wa kwanza na ukapasuliwa ubeti wa tatu. Kitu kikitajwa mara moja tu, kiite taswira na usikiongezee cheo. Kikirudi na kubadilika, ndipo uulize kama kimekuwa ishara.

Zoezi la kuwapasha moto, dakika 10, hata kabla ya shairi lolote: robo karatasi kila mmoja, waandike vitu vitano vya soko la Kilombero (Moshi tumieni Memorial au Kiboriloni penyewe), kimoja cha macho, kimoja cha masikio, cha pua, cha ulimi, cha ngozi. Marufuku kutumia nzuri, mbaya, nilifurahi, nilichukia. Kosa la kawaida ni kuandika hisia badala ya kitu: "nilisikia kelele nyingi" badala ya "kondakta anapiga bati la daladala kwa kiganja". Soma kwa sauti tano bora na tano legevu bila majina, darasa lenyewe litaona tofauti. Mtoto aliyewahi kutengeneza picha kwa maneno ndiye anayeitambua picha ya mwenzake.

---

Kalamu_Nyekundu (Moshi)

Yote mazuri, lakini mwisho wa siku anaandika insha na insha inasahihishwa. Niseme la kuandika.

Swali la kawaida la ushairi linataka diwani mbili na hoja tatu tatu. Hoja moja iwe aya moja yenye vitu vinne kwa mfuatano: sentensi ya dhamira, ubeti na dondoo, taswira iliyomo kwenye dondoo na kazi yake, uhusiano na jamii, sentensi moja au mbili, si zaidi. Dondoo lisizidi mishororo miwili, liandikwe neno kwa neno pamoja na mkato wa katikati, na maelezo ya dondoo yawe marefu kuliko dondoo lenyewe angalau mara mbili. Ubeti mzima ukiandikwa halafu ukafuatiwa na sentensi moja, msahihishaji anajua mtu anajaza karatasi.

Aya dhaifu ni hii, na mnaijua: "Dhamira ya ubinafsi. Mshairi ameonesha ubinafsi katika jamii. Mfano: *Leo pale mlangoni, mmoja kaweka mwamba.* Hata katika jamii yetu kuna watu wabinafsi, tuwaepuke."

Ya kueleweka iwe hivi (nafsineni ni sauti inayozungumza ndani ya shairi):

"Mshairi anaonesha kwamba mtu mmoja akijimilikisha kilichoachwa kwa ajili ya wote, dhuluma yake huwanyima wengine riziki na sauti pia. Katika ubeti wa kwanza nafsineni inasema, *Leo pale mlangoni, mmoja kaweka mwamba.* Mwamba ni kitu kizito kisichojisogeza, na kitenzi 'kaweka' kinadhihirisha kuwa kizuizi hiki kimeletwa kwa makusudi. Matokeo yake yanaonekana katika taswira ya 'midomo yetu mikavu', ambayo inabeba kiu ya watu wa chini na pia kimya chao, kwani wanachofanya ni kutazama tu. Hali hii hutokea katika jamii pale chanzo cha maji, ardhi au huduma ya wote inapozungushiwa uzio na mwenye nguvu huku wengine wakiogopa kuhoji."

Tazama maneno yaliyofanya kazi: *kinadhihirisha kuwa*, *inabeba*, *matokeo yake*. Waandikie ubaoni maneno ya uchambuzi kama hayo saba au nane, wayabandike ndani ya jalada la daftari. Wengi wanajua wanachotaka kusema, wanakosa kitenzi cha kukisemea, ndiyo maana kila sentensi inaanza na "mshairi ametumia".

Makosa matatu yanayopoteza alama bure: kuchanganya dhamira na ujumbe (ujumbe ni funzo ambalo msomaji anaondoka nalo, dhamira ni kile shairi linachokionesha), kuandika "mshairi anasema ana kiu" wakati anayesema ni nafsineni, mshairi huenda anaishi jirani na bomba, na hoja tatu ambazo kwa kweli ni moja iliyovishwa kanzu tofauti: ubinafsi, uchoyo, ukosefu wa huruma. Hiyo ya tatu idhibiti kwa sharti kwamba kila hoja itoke ubeti tofauti au isimame juu ya taswira tofauti.

Kuhusu kusahihisha watu sitini: usisahihishe insha nzima kila wiki, utaugua. Toa aya moja. Tumia herufi pembeni: D palipo na dhamira ya sentensi, U ushahidi, T taswira iliyofafanuliwa, J jamii. Herufi isipokuwepo, mwanafunzi anajua kilichopungua na anaandika upya kipande hicho tu. Raundi ya kwanza wabadilishane madaftari waweke herufi wao kwa wao kwa kalamu ya risasi, wewe upitie baadaye. T ndiyo itakayokosekana zaidi, msishangae.

---

Mzee_wa_Tarbia (Arusha)

Nimewasoma wote, hongereni. Ila naona mnataka kuitupa mizani nje ya dirisha, nami sikubali.

Linganisha kibwagizo. Mara mbili ni "midomo yetu mikavu": mi-do-mo-ye-tu-mi-ka-vu, nane. Mara ya mwisho ni "na midomo si mikavu": na-mi-do-mo-si-mi-ka-vu, nane. Kimeingia "na" na "si", kimetoka nini? *Yetu.* Mwanafunzi asiyehesabu hataona kwamba neno limefukuzwa. Anayehesabu atauliza: je, mtunzi aliliondoa kwa kubanwa na mizani, au ana sababu? Labda midomo sasa si ya watu wa chini peke yao. Labda ni mizani tu. Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu asiyejua nane ni nini. Kwa hiyo waacheni wahesabu, lakini wahesabu pale penye mabadiliko, na waulizwe kilichoingia na kilichotoka.

Vina vya kati ni -ni kuanzia juu mpaka chini isipokuwa kwenye kibwagizo, vya mwisho vinabadilika kila ubeti. Kuna mtu atakuja kuwaambia watoto kwamba -ni ya kati ni mkondo wa maji usiokatika. Msimruhusu. Kina hicho hujirudia mara nyingi kwa sababu -ni ya mahali, kama ya *mlimani, bondeni, mlangoni, mtaroni*, ni rahisi kupatikana. Ila ukitaka kuwaonesha kitu cha kweli hapo, waambie wahesabu ni maneno mangapi ya vina hivyo yanataja mahali. Ubeti wa kwanza yote matatu, wa pili moja, *mtaroni*. Wa tatu *utani, chini, makini*: moja tu. Shairi limeanza kama ramani, likaishia kwenye onyo.

Kwenye mashairi huru hamna vina wala mizani ya kushika, na watoto wanachanganyikiwa wanadhani hakuna fani. Huko angalia mshororo unakatikia wapi. Neno lililoachwa peke yake kwenye mstari ndilo linalofanya kazi ya kina. Mjadala wa wanamapokeo (wanaoshikilia vina na mizani) na wanamabadiliko (wanaoviacha) wa miaka ya 1970 msiwaletee Kidato cha Tatu, wanaishia kukariri majina ya pande mbili tu.

---

Mwl_Kiboriloni (Moshi)

Shikamoo Mzee wangu, na asanteni sana wote. Hiyo ya "yetu" sikuiona kabisa ingawa shairi nimelileta mimi.

Maswali mawili ya nyongeza. Moja: mwanafunzi akisema "mwamba ni mapenzi, wa juu ni mvulana aliyemwacha msichana", namjibuje bila kumvunja moyo? Na mwingine atamtaja mtu wa kijijini kwao kwa jina, darasa licheke, somo life. Mbili: nakala. Siwezi kutoa fotokopi sitini kila wiki.

---

Ukwapi_na_Utao (Arusha)

La mapenzi: usimwambie amekosea, mwambie alipie. Kila tafsiri lazima ilipe sehemu tatu za shairi ambazo hakuzichagua yeye, unamchagulia wewe. Mpe "wahenga waliuchimba", "zamu", na "kila mgomba". Kama mwamba ni mapenzi, wahenga walichimba nini? Zamu ya nani? Kwa nini wenye kiu ni wengi? Ataona mwenyewe haifiki. Pengine atakuja na kitu bora, mfano kwamba shairi linahusu urithi katika ukoo, na hiyo inalipa sehemu zote tatu vizuri tu. Ikilipa, ikubali hata kama mwongozo hausemi hivyo. Shairi halina jibu moja, lakini lina majibu yasiyowezekana.

La kutaja watu: rudisha kwenye nafasi. "Wa juu" si mtu, ni mahali mtu alipo. Uliza darasa: wa chini akihamia juu, mwamba utaondoka? Kicheko kinakatika, na mara nyingi hapo ndipo mjadala mzuri kuliko wote unapoanzia. Sharti la kudumu: kwenye uhakiki jina la mtu aliye hai halitajwi, linatajwa cheo au nafasi.

---

Madam_Ngarenaro (Arusha)

Nakala: manila mbili na kalamu ya wino mzito. Ubeti wa kwanza na wa pili kwenye manila moja, wa tatu kwenye ya pili, na hiyo ya pili ifunikwe kwa gazeti, na usomaji wa mwanzo uishie ubeti wa pili. Herufi ziwe na urefu wa sentimita nne hivi, na mshororo ukatwe kwenye mkato uende mistari miwili, la sivyo wa nyuma hawasomi na utao wote utabanana pembeni. Tumia wino mweusi au wa bluu. Mwekundu haufiki mwisho wa darasa.

Wakishamaliza vitenzi vya beti mbili, kabla hujafunua, kila kikundi kitabiri mshororo wa mwisho wa ubeti wa tatu, mizani nane kwa nane, wauandike kwenye karatasi na kuubandika chini ya gazeti. Kikundi kitakachorudia kibwagizo kama kilivyo kieleze kwa nini kinaona hakuna kitakachobadilika. Kitakachobadilisha kioneshe neno gani la ubeti wa kwanza au wa pili lililokipa ruhusa. Ndipo ufunue.

Manila usitupe. Zungusha na mkondo B.